Kuchuja Mitandao si Kazi Laini, Msitudanganyie Wanetu

Leo hatuzungumzii mishono ya Idi wala vitambaa vipya. Leo tuna ugomvi, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Kila wiki dukani kwetu linaingia tangazo lilelile kupitia simu za wateja. Kozi ya siku tatu, ujifunze kuwa msimamizi wa maudhui ya mtandaoni. Unakaa ndani kwako na dera lako, unabonyeza tu, dola zinaingia. Wanaotangaza wanajua pa kutushika. Wanajua kuwa hapa kisiwani mzazi humwambia binti kazi ya hoteli ina macho ya watu, na kazi ya soko ina maneno ya watu. Basi ikitajwa kazi ya ndani, sote tunasema alhamdulillah, hii ina stara.

Na sisi tulisema hivyo. Kuna binti aliyejifunza kushona kwetu, mkono wake mwepesi kwenye darizi, na skuli alimaliza vizuri. Tulimchangia ada ya kozi, na tulifurahi alipopata cheti. Kazi akapata kweli, mkataba wa miezi michache na kampuni ya nje. Baada ya mfungo alirudi kuomba cherehani yake. Hakai tena chumba cha nyuma peke yake. Mtoto wa mteja akilia, anaacha kitambaa chini ya sindano na kutoka nje. Mama yake anasema ana jini. Sisi tulimuuliza, akajibu ametia saini karatasi ya kutosema. Siku moja tu maneno machache yalimtoka, na yalitutosha.

Kwa hiyo tunaposema mnatudanganyia wanetu, tunajihesabu na sisi wenyewe.

Tuseme kazi yenyewe ni nini, maana kwenye tangazo hawasemi. Mtu anaweka video, picha au maneno mtandaoni. Mwingine analiripoti, au mashine inalishuku. Chapisho hilo linaingia kwenye foleni, na mwisho wa foleni amekaa mtu. Anatazama, analinganisha na kanuni za mtandao ule, kisha anaamua: libaki, lifutwe, liwekewe onyo, au lipelekwe kwa mkubwa wake. Akimaliza hilo linakuja jengine. Mengi ni utapeli na matusi ya kila siku. Lakini humohumo zimo picha za uchi, vipigo, watu wanaojidhuru, watu wanaouawa, na watoto wanaofanyiwa yasiyosemeka. Na huku anatazama, yeye mwenyewe anapimwa: amekosea mara ngapi, ametumia sekunde ngapi.

Sasa mtuambie, hiyo ndiyo kazi laini?

Na msiseme binti yetu ana moyo mdogo. Tuangalie hapo jirani, Nairobi. Kampuni ya Sama ilikuwa ikichuja machapisho ya Facebook ya nchi za Afrika. Mwaka 2022 jarida la TIME liliandika kuwa baadhi ya wafanyakazi hao walikuwa wakipata kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Mwaka huohuo Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyewahi kufanya kazi hapo, alizifungulia kesi Sama na Meta yenye Facebook. Mwaka 2023 wengine zaidi ya 180 wakaenda mahakamani baada ya kuachishwa kazi. Desemba 2024 zikajulikana ripoti za daktari zilizopelekwa katika kesi yao: zaidi ya 140 walikutwa na maradhi ya kiwewe. Kampuni zina utetezi wao, na hukumu ni ya mahakama. Lakini watu zaidi ya 140 hawawezi wote kuwa na moyo mdogo.

Huko Marekani ndiko kulikotangulia. Mwaka 2020 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi ya wachujaji wake wa huko, na ikakubali kuwawekea vifaa vya kuzima sauti na kuifanya video iwe nyeusi na nyeupe ili isiumize sana. Maana yake wenye mitandao wanajua. Asiyejua ni binti wa kwetu aliyelipia kozi ya siku tatu.

Sasa tunageukia upande wa pili, maana huko nako kuna wanaotukera. Wapo wanaosema: basi kazi hiyo ni haramu, kutazama machafu ni dhambi, binti wa Kiislamu asiiguse kabisa. Mwenye kusema hivyo anashika simu ileile kila usiku. Anadhani nani anayemsafishia? Akili ya mashine haitoshi, khasa kwa Kiswahili. Chukueni neno dogo tu, shoga. Kwetu sisi wanawake wa pwani ni rafiki wa kushibana naye. Kwengine neno hilohilo ni tusi analotukanwa mwanamme. Mashine au mgeni atafuta salamu ya mashoga wawili wanaoalikana harusi, na ataliacha tusi la kweli lililofichwa ndani ya fumbo. Kanga moja tu ina maneno ya kumchoma jirani, na asiyezaliwa nayo haoni chochote. Anayeweza kujua ni mtu wa kwetu. Kwa hiyo kazi hii lazima ifanywe, na lazima baadhi ya wafanyaji wawe sisi.

Tunaifananisha na kuosha maiti. Dini yetu imelifanya jambo hilo fardhi ya kifaya: wakilifanya baadhi, wengine wamesalimika, wasipolifanya, mji mzima una dhima. Muoshaji anaona ambayo sisi hatuyaoni, na aibu ya maiti haitoi nje. Lakini angalieni tunavyomfundisha. Hatumfungii chumbani peke yake siku ya kwanza. Anaanza kwa kushika ndoo, kumimina maji, kutia karafuu maiti, huku wakubwa wako pembeni yake. Anakuwa na wenzake. Hakuna anayesimama na saa kumhesabia sekunde. Akitoka hapo watu wanamuombea dua. Na siri anayotunza ni ya maiti. Hakuna aliyemkataza kumwambia mumewe, leo nimechoka, nikalieni karibu.

Huyu muoshaji wa mitandao tumemnyima yote hayo, kisha tukamwambia kazi yake laini.

Kwa hiyo binti anayetaka kujifunza, tunamwambia ajifunze kama anavyojifunza ufundi. Sisi hatumpi mwanagenzi hariri siku ya kwanza. Anaanza kupiga mistari kwenye gazeti, halafu kitambaa cha bei rahisi, na kufumua anafundishwa mapema kuliko kushona. Na hapa ni hivyohivyo. Kanuni za mitandao mikubwa zimewekwa wazi, bure, yeyote anasoma. Asome mpaka aweze kueleza kwa nini chapisho hili linafutwa na lile linabaki, kwa sababu iliyoandikwa, si kwa hasira yake. Ajue Kiingereza cha kutosha kusoma kanuni hizo, na Kiswahili cha kutosha kutambua fumbo. Ajifunze kuzima sauti kabla ya kutazama, kuipunguza video iwe ndogo, kuitia ukungu, kuiondoa rangi. Huko ndiko kuvaa kidole cha chuma cha fundi. Asiyefundishwa, sindano itamuingia.

Na kabla ya kutia saini, aulize. Foleni yangu ni ya matangazo au ya mauaji? Naweza kuomba kuhamishwa? Saa ngapi kwa siku, na mapumziko yanalipwa? Yupo mtu wa ushauri nasaha, na ninayomwambia yanafika kwa bosi au hayafiki? Karatasi hii ya siri inanikataza kusema na daktari wangu na mama yangu? Akijibiwa kwa kuzungushwa, aondoke. Na yeyote anayetaka pesa ili akupe kazi, huyo hana kazi.

Asione vibaya pia kuwa na wenzake. Mei Mosi 2023 wachujaji zaidi ya 150 walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuanzisha chama chao. Hata muoshaji hawi peke yake.

Nyinyi wenye kuuza kozi, tunawaambia waziwazi. Siku tatu hazitoshi hata kufundisha kutia zipu. Mkiendelea kuchukua pesa za wazazi, basi angalau siku ya kwanza mwambieni binti atakachokiona. Atakayebaki baada ya hapo amebaki kwa hiari yake. Kama mnaogopa watakimbia wote, basi mnajua mnachokiuza.

Na sisi wazazi, walezi na mashoga, tuache kudhani stara ni mlango uliofungwa. Tulimfungia binti ndani ili macho ya watu yasimfikie, tukamuacha peke yake na ubaya wa dunia nzima kwenye kioo. Akirudi kimya, tusikimbilie kusema ana jini. Tumkalie karibu, tumpikie, tumpeleke kwa daktari wa akili kama tunavyompeleka kwa daktari wa meno. Binti yetu sasa anakwenda, na tunakwenda naye, tunapokezana.

Wahenga walisema muosha huoshwa. Waliokuwa wakisafisha uchafu kwa niaba yetu, sasa zamu yetu kuwasafisha nyoyo zao.

Wabillahi tawfiq.