Kumi na Mbili kwa Ishirini

Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniletea insha yake iliyosahihishwa. Kurasa saba juu ya migogoro ya ardhi, na kwenye ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu: 12/20. Basi. Akaniuliza zile alama nane zimekwenda wapi. Nikapekua karatasi zote, jibu sikuliona.

Kila msimu wa tasnifu ukifika, walimu tunalalamika kwamba vijana hawajui kuandika. Tunailaumu sekondari, tunakilaumu Kiingereza kinachowapokea kidato cha kwanza baada ya miaka saba ya Kiswahili. Mzigo huo upo, sibishi. Ila sisi tumewapa nini? Kozi moja ya stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, ukumbi umefurika, halafu kimya mpaka tasnifu. Katikati hapo mtu anaishi kwa desa, yaani notsi za kunakili.

Kwingine wamelichunguza jambo hili. Kuanzia 1997, mtafiti wa uandishi Nancy Sommers na wenzake waliwafuatilia wanafunzi zaidi ya 400 wa Harvard miaka yao yote ya masomo. Walioendelea ni wale waliokubali kwamba ni wanagenzi, wakaandika kwa sababu jambo lenyewe limewagusa. Na maoni ya mwalimu pembeni mwa karatasi yaliwafanya wajione wanasomwa.

Hata kwetu wanafunzi wamewahi kuandika na kusomwa hivyo. Mwaka 1969 wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha jarida la Cheche. Mwaka uliofuata Issa Shivji, kijana wa miaka 24, akachapisha humo uchambuzi wake wa matabaka nchini Tanzania. Walter Rodney, mwalimu palepale chuoni, akaandika kumjibu. Cheche lilipigwa marufuku mwaka huohuo, lakini Shivji hakuweka kalamu chini.

Najua mwenye karatasi 300 za kusahihisha hawezi kuandika barua kwa kila mmoja. Swali moja anaweza. Nami ningepunguza idadi ya insha, zilizobaki ziandikwe mara mbili: rasimu isomwe na kuulizwa maswali bila alama, ndipo irudi.

Kwenye insha ya yule binti wa mwaka wa pili niliandika swali ukurasa wa tatu: “Haya ni yako au ya kitabu?” Baada ya wiki mbili akarudi na aya ile ameibomoa yote. Sasa ilianza na shamba la mama yake, na jiwe la mpaka lililohamishwa usiku.