Mwenye Boti Ndiye Mwenye Gofu Lake

Hatuna ugomvi na mtu anayekwenda baharini kujiburudisha. Mfanyakazi aliyeshinda kiwandani juma zima, akapata nafasi ya kutweka tanga Jumapili pamoja na watoto wake, amestahili upepo ule. Bahari ni ya wote. Lakini kwa kuwa ni ya wote, hapana mtu aliyepewa ruhusa ya kuigeuza jaa lake, na hilo ndilo tunalotaka kulisema leo waziwazi.

Yaliyotokea Ufaransa yafaa kuwa fundisho kwetu. Katika ghuba ya Arcachon, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, wako watu wanaoishi kwa kufuga chaza. Miaka ya mwisho ya 1970 chaza wale walishindwa kuzaa, na waliokuwapo wakaota magamba mazito yaliyopotoka, yasiyouzika. Wafugaji wakapata hasara kubwa, na hali hawakutenda kosa lolote. Wataalamu walipochunguza, waligundua kwamba sumu ilitoka katika rangi yenye dawa ya bati, iliyopakwa matumbo ya boti za starehe ili viumbe vya baharini visigande juu yake. Mwaka 1982 Serikali ya Ufaransa ilipiga marufuku rangi hiyo kwa vyombo vya urefu wa chini ya mita 25. Uingereza ikafuata mwaka 1987, na mapatano ya dunia yaliyoafikiwa mwaka 2001 yakaanza kutumika mwaka 2008. Chaza wa Arcachon wakazaa tena. Starehe ya mmoja ilikuwa imemnyang'anya mwenzake riziki. Sheria iliposimama, bahari ikapona.

Sumu ya rangi, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni boti yenyewe inapozeeka. Wazee wetu wa pwani walipaka majahazi yao deheni na sifa, wakayatia kalafati mwaka hata mwaka. Na chombo kilipochakaa, mbao zake zilifanywa kuni au zikaoza zikarudi ardhini. Boti ya faiba, ambayo ilienea duniani tangu miaka ya 1950 na 1960, haina mwisho wa namna hiyo. Nyuzi zake za kioo zimegandishwa kwa utomvu wa kiwandani: haziozi, wala haziyeyushwi zikaundwa upya kama chuma. Ukiichoma ovyo, moshi wake ni sumu. Ukiiacha ufukoni, jua na mawimbi huimenya chembe kwa chembe mpaka ikaingia katika maji na katika matumbo ya samaki.

Kwa nini basi boti hizi hutupwa? Si kwa ajali tu. Chombo kikizeeka, gharama ya kukitunza huzidi thamani yake. Mwenyewe hukiuza kwa bei ya kutupa kwa mtu asiye na uwezo wa kukitengeneza; huyo naye hufuta namba, hukifunga kwenye kijito usiku, akaenda zake. Betri, mafuta ya mashine na maji machafu ya ngama hubaki humo mpaka chombo kizame. Kisha mvuvi hupasua wavu wake juu ya gofu asilolijua, na gharama ya kuliondoa hulipwa na hazina, yaani na mimi na wewe. Mchuma janga hula na wa kwao. Lakini hapa twaona mchumaji ameondoka, na wa kwao wameachwa wale peke yao.

Wako watakaosema kwamba sheria ipo. Ni kweli kwamba mwaka 2007, katika mji wa Nairobi, mataifa yalifanya mapatano ya kuondoa mabaki ya meli, nayo yakaanza kutumika mwaka 2015. Mapatano hayo humbebesha mwenye meli gharama ya kuliondoa gofu lenye hatari. Lakini bima wanayoilazimisha ni kwa meli za kuanzia tani 300. Boti ya starehe hupita chini ya kamba hiyo kama dagaa katika wavu wa papa.

Ufaransa imeonyesha njia nyingine. Tangu mwaka 2019 watengenezaji na waagizaji wa boti za starehe hulipa mchango kwa kila boti mpya, na fedha hizo hugharamia kuvunjwa kwa boti zilizochakaa. Mwenye boti hulipa gharama ya kuifikisha kituoni tu. Kuivunja ni bure. Maana yake ni kwamba sanda hununuliwa siku ya kuzaliwa. Twaona mpango huo ni wa haki, kwa kuwa humtoza mwenye faida badala ya mwenye jasho.

Kwa hiyo twasema hivi. Kila boti iwe na namba isiyofutika, na mwenye namba hiyo aulizwe juu yake mpaka siku inapovunjwa. Mchango wa kuivunja ulipwe inaponunuliwa. Bandarini pawe na mapipa ya kupokea mafuta machafu, ili mtu asiwe na kisingizio. Mahali penye matumbawe na nyasi za bahari pawekwe maboya, kwa sababu nanga moja inayoburutwa huharibu kwa dakika kile kilichokua kwa miaka mingi. Na mafundi watakaozikata boti hizo wapewe vifaa vya kufunika pua na mdomo. Vumbi la faiba si la kuvutwa na mtu yeyote kwa ajili ya mshahara.

Neno letu la mwisho ni kwa mabaharia na mafundi walioajiriwa katika boti za starehe. Tajiri akikuamuru umwage mafuta baharini, kumbuka kwamba yeye kesho atakuwa mjini, na wewe utakuwa pwani pamoja na wanao. Kataa, na wenzako wakataye pamoja nawe. Mtu mmoja akikataa hufukuzwa. Wote wakikataa, tajiri hutafuta pipa.