Tetemeko na Mafuta: Nani Atatujibu?

Hapa Arua na Koboko ardhi ikitikisika kidogo tu, utasikia: "Ni mafuta ya Ziwa Albert hayo!" Tuwaulize wazee. Mafuta yaligunduliwa 2006. Tetemeko la Toro lilitokea Machi 1966, na lile la karibu na Juba, la ukubwa wa zaidi ya 7, Mei 1990. Bonde la Ufa linaachana lenyewe tangu zamani.

Lakini wanaoucheka uvumi huu wasicheke sana. Kule Groningen, Uholanzi, uchimbaji wa gesi ulileta matetemeko kweli, na mwaka 2023 kamati ya bunge lao ilisema maslahi ya wakazi yalipuuzwa. Kwa hiyo mama wa Koboko anayeuliza si mjinga. Ajibiwe redioni, kwa Kilugbara na Kikakwa: tetemeko limeanzia wapi, kina gani, na kabla ya visima yalikuwa mangapi? Suratul Hujuraat inatuamuru tuhakikishe habari. Tutahakikishaje, wenye vipimo wakinyamaza?

Na huku tukibishana, madrasa zetu nyingi za matofali na udongo hazina mkanda wa zege ukutani, na watoto wamo ndani.