Pampu ya Kahawia Si Pambo

Kwetu Dindira ukungu huganda kwenye mashamba ya chai, na jikoni kuni mbichi zinafuka. Humo nimekulia na pumu yangu. Nilipofika chuo, kwenye joto la Dar, nikajiona nimepona. Nikaacha pampu ya kahawia, beklometasoni, nikabaki na ya bluu, salbutamoli.

Wengi hapa hosteli tunafanya hivyo. Bluu unavuta, dakika chache kifua kinaachia. Kahawia unavuta, husikii kitu! Sasa bumu likichelewa, utanunua ipi? Ila bluu inafungua njia ya hewa tu. Uvimbe wa ndani uko palepale. Kahawia ndiyo inayoutuliza, taratibu, kwa siku na wiki, ukiivuta kila siku kama ulivyoandikiwa, hata ukijisikia mzima. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haushauri tena mtu mzima kutegemea bluu peke yake.

Mimi nililielewa hilo usiku wa kuamkia mtihani, nikishushwa ngazi mgongoni kwa rumeti, bluu mkononi, haisaidii.

“Steroidi itakuharibu,” wanasema. Jamani, dozi ya kuvuta ni ndogo sana kuliko ya vidonge. Kinachosumbua zaidi ni utando mweupe mdomoni na sauti kukwaruza. Ukimaliza kuvuta, sukutua kwa maji, tema. Basi.

Na kama bluu unaivuta karibu kila siku, usikimbilie famasi ya getini kununua nyingine. Nenda kamwone daktari, wiki hii, kabla ya UE.