"Fugacious" Lina Kazi Yake

Mwandishi mmoja wa safu ya lugha anadai kwamba neno la Kiingereza "fugacious" ni pambo la wasomi: maana yake ni ile ile ya "ephemeral", asili ya yote mawili ni Kilatini, na halina kazi popote. Hoja tatu, zote zimepinda.

"Ephemeral" asili yake ni Kigiriki: epi na hemera, yaani kitu cha siku moja. Kamusi yoyote nzuri ingemwambia hivyo kwa dakika moja.

"Fugacious" limetokana na fugax, nalo fugax na fugere, kukimbia. Ile -ax ya mwisho haikuwekwa kwa urembo. Kilatini huitumia kwa tabia iliyomkaa mtu: audax ni jasiri, vorax ni mlafi. Basi fugax ni mwenye mazoea ya kutoroka. Moja lahesabu muda, jingine lataja tabia. Mshairi wa Kirumi Horace aliliteua hilo la pili kuisema miaka inayotuponyoka.

Lakini hili la "halina kazi" ndilo bovu kupita yote. Wataalamu wa mimea hulitumia kwa petali zinazopukutika mapema, kama za Cistus: ua hufunguka asubuhi, na kabla ya usiku petali ziko chini. Mwaka 1901 mwanakemia Gilbert Lewis wa Marekani aliuchukua mzizi huo huo akaunda "fugacity", kipimo cha jinsi gesi inavyoelekea kutoroka. Wahandisi wanakikokotoa mpaka leo, kwa sababu gesi ikishindiliwa sana, kanuni za kawaida hutoa majibu ya uongo.