Kinga ya kununua: tunalipia nini?



Siku hizi, baada ya ibada ya Jumapili, utakuta meza nje ya kanisa, iwe Goma, Bukavu ama Butembo. Juu yake kuna kompyuta na kijiti cha chuma. Muumini anashika kijiti dakika moja, kisha anasomewa majibu: ini limechoka, figo ni chafu, mishipa inaziba. Hapohapo anaonyeshwa vidonge na chai ya kuzuia ugonjwa. Bei yake ni ya dolari, si ya franka.

Biashara hii inakua kwa sababu tunazozijua. Kwetu familia hulipa matibabu kutoka mfukoni, na aliyepona bila pesa anaweza kuzuiliwa hospitalini mpaka ndugu wachange. Tena, mwaka 2025 benki zilifungwa Goma, na misaada ya Marekani ikakatwa. Anayeogopa deni la kesho anaona afadhali anunue kinga leo. Hofu hiyo si upumbavu.

Lakini kijiti hakioni figo. Figo hupimwa kwa damu na mkojo, sukari kwa tone la damu, tansio kwa mkanda wa mkononi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye tansio hawajui kama wanayo. Mtu huyo akiambiwa na kijiti kwamba moyo wake ni mzima, atarudi nyumbani na furaha, na ugonjwa wake pia.

Muuzaji naye mara nyingi ni ndugu yetu, asiye na kazi, anayelipwa fungu kwa kila mtu anayemwingiza. Kwake kanisa lililojaa ni soko. Mimi pia niliombwa nitangaze madhabahuni. Mara ya kwanza nilikubali. Baadaye mama mmoja aliniambia ameacha vidonge vya daktari ili apate pesa ya ile chai. Aliamini kwa sababu mchungaji alisema. Nimetubu mbele yake na mbele ya wazee.

Yule mwanamke wa Marko 5 alimaliza mali yake yote kwa waganga. Yesu hakumlaumu kwa kutafuta uzima. Sisi tusiwe miongoni mwa waliomaliza mali yake.

Tufanye nini? Kwanza, madhabahu isitangaze dawa. Pili, kila parokia inunue mashine moja ya tansio. Wauguzi tunao katika kwaya zetu. Wapime bure mara moja kwa mwezi, na mwenye tansio ya juu apelekwe kituo cha afya. Tatu, pale penye mutuelle ya afya tujiunge, tuchange kabla ya kuugua.

Hospitali ya Panzi, iliyoanza mwaka 1999, ni ya CEPAC, kanisa kama letu. Basi mashine ya tansio isitushinde.