Mwenye Kamari Asitoe Kibali



Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti shughuli za burudani za umma, zikiwemo kamari na kasino. Hivyo wawakilishi wa wadi tuliowapigia kura hutunga sheria juu ya michezo hiyo, na maofisa wa kaunti wana sauti katika vibali vyake. Twauliza: itakuwaje iwapo mwenye kuomba kibali na mwenye kukitoa ni mtu yule yule?

Wahenga walituonya kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Mwakilishi mwenye hisa katika jumba la kamari atapigaje kura liwekwe mbali na shule? Ofisa ambaye mashine zake zimo madukani atamtumaje mkaguzi?

Sheria haikunyamaza. Ibara ya 75 ya Katiba humtaka kiongozi aepuke mgongano kati ya maslahi yake na wajibu wake, hadharani na faraghani; anayeikiuka aweza kuondolewa madarakani. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012 iliagiza atangaze maslahi yake kabla jambo halijajadiliwa, na tangazo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Mwaka 2025 ikaongezwa sheria mahususi ya mgongano wa maslahi. Basi hatukukosa maandishi. Tumekosa wenye kuyadai.

Wako wanaojitetea kwamba kiongozi naye ana haki ya kufanya biashara. Hatumnyimi: alime, afuge, auze nguo. Lakini aliyepewa dhamana ya kuiwekea kamari mipaka hawezi kula faida ya kuivunja mipaka hiyo. Wengine husema yatosha kutangaza. Twakataa. Anayetangaza hisa zake asubuhi kisha akapiga kura mchana ameufanya ukweli kuwa ngao ya udhalimu. Na anayeziandikisha kwa jina la mkewe au shemeji yake amelikwepa daftari, hakumkwepa Mungu. Auze hisa, au aache kiti.

Katekisimu (namba 2413) haiulaani mchezo wa kubahatisha wenyewe. Huukataa unapomnyang'anya mtu riziki yake na ya wanaomtegemea. Karo ya mtoto ikimezwa na mashine, huo ni msiba. Faida yake ikiingia mfukoni mwa aliyeapa kumlinda mtoto huyo, huo ni usaliti.

Kwa hiyo, enyi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, msibaki kulalamika. Hudhurieni vikao vya bunge la kaunti, kwani Ibara ya 196 huagiza viendeshwe hadharani. Ombeni kumbukumbu zake kwa haki mliyopewa na Ibara ya 35. Na kila mgombea aulizwe mbele ya watu: je, wewe au jamaa yako mna hisa katika kamari?

Yethro alimshauri Musa ateue viongozi wanaochukia faida ya hila (Kutoka 18:21). Nasi tusiwape kura wanaoipenda.